Kazi ya Beberu na Kazi ya Kiwele

Ndugu zangu na dada zangu wa kikundi, nyinyi mliokaa mbele na nyinyi mliojibanza pale mlangoni mkiogopa kuchaguliwa kwa kamati, nawasalimu. Mwenyekiti alisema kila anayetoa ushuhuda aandike kwanza, kwa sababu mwaka jana kuna mzee alisimama hapa kabla ya chai akaketi baada ya chakula. Mzee huyo ni mimi. Kwa hivyo nimeandika. Shule niliacha darasa la tatu na kalamu inanisumbua kuliko jembe, lakini nimeandika, na mahali nitakapopotea mtanirudisha.

Sitataja jina la mtu. Mnaotujua mtajua. Wageni wetu waliotoka upande wa Embu hawatapoteza kitu, kwa maana habari yenyewe ni ya mtu yeyote aliye na mke na mnyama.

Sisi tunakaa upande wa chini wa Githongo, mahali kahawa ilikuwa kila kitu. Nilipanda kahawa, nilipalilia kahawa, nikaoa kwa kahawa. Kahawa ilipochoka, au sisi tulipoichoka, sijui ni nani alianza, tukaingia kwa mbuzi wa maziwa. Mnakumbuka kikundi kilipomleta yule beberu wa kwanza, mkubwa kama ndama, wa kahawia, na mistari miwili myeupe usoni. Beberu wa kikundi hukaa kwa boma moja na wengine wote huleta majike wao hapo. Mkapiga kura, akaja kwangu. Siku hiyo nilivaa koti. Nililivaa hata wakati wa kumchimbia nguzo.

Kazi tuligawana bila kuketi kikao. Kazi ya beberu ikawa yangu, kazi ya kiwele ikawa ya mama, yaani mke wangu. Mimi nakata majani ya nepia, napunguza kwato, natengeneza mbao za banda, nasimama na wanaume waliokuja na mbuzi wao na tunazungumza maneno ya wanaume. Yeye anakamua, anachuja, anaosha vyombo, anachota maji, anafagia mavi chini ya banda, na kazi zile zingine za nyumba ambazo hata sikuwa naona kama ni kazi. Ndivyo nililelewa. Baba yangu alikunywa maziwa maisha yake yote na sikuwahi kumwona ameshika chuchu ya mnyama. Mtu aliyetahiriwa, akakaa gaaru, ile nyumba ya vijana, na wenzake wa rika akafundishwa kuwa mwanaume, hachuchumai nyuma ya mbuzi. Wazee mlioko hapa msijifanye hamkuambiwa hivyo. Naona mmoja anatazama dirishani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikasirisha, na ni chai ya asubuhi. Mke wangu alikuwa mwepesi kwa kila kazi isipokuwa chai yangu. Nimeamka, nimevaa, beberu analia huko nje ananitaka, na chai haijaiva. 'Ngoja kidogo.' Kila siku ngoja kidogo. Miaka hiyo yote nilikuwa nasema kwa watu, mke wangu ni mzuri, lakini moto wake ni wa polepole.

Halafu kijana wetu akafa.

Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, mtu mzima tayari, akifanya biashara ya miraa huko Kangeta. Ilikuwa gari. Sisemi zaidi ya hapo kwa sababu sina zaidi ya hapo. Siku ya kuzika mlikuja wengi na sikumbuki uso wa mtu. Nakumbuka msumari mmoja kwenye sanduku, ulipigwa ukapinda, na mimi nikawa nafikiria, huyu fundi alikuwa na haraka ya nini? Hiyo tu. Mchungaji akaomba, mimi nikaangalia msumari. Sikulia siku hiyo na sikulia baadaye. Watu wakanisifu ati mzee amejikaza. Ndugu zangu, sikuwa nimejikaza popote. Ni kama jino likishadungwa sindano na daktari. Unaligonga na kidole, unajua jino liko, lakini ni kama la mtu mwingine.

Nikaanza kukaa. Tuna benchi pale barazani, nilikuwa natoka asubuhi nakaa, jua linazunguka, nakaa. Redio ilikuwa kando yangu. Betri zilipoisha nilikaa na redio iliyozimika na sikuona tofauti. Panga la nepia likasimama kwa ukuta mpaka likashika kutu. Wenzangu wa kikundi mlikuwa mnakuja mnaniambia, 'Mzee, tumekuja kwa beberu,' mimi nanyoosha kidole. Mke wangu anatoka jikoni, anafuta mikono, anawashughulikia.

Yeye pia alifiwa. Neno hilo limeingia kwa karatasi kwa urahisi, lakini mimi nilichukua miaka miwili kulijua. Huyo mtoto alimzaa yeye. Lakini yeye aliingia kwa kazi na mimi nikaingia kwa benchi. Nepia alikata yeye, akabeba mgongoni na mkanda kwenye paji la uso, akapita mbele yangu. Mara moja alisimama akasema, 'Panga liko pale.' Nikamwambia, 'Naliona.' Akaenda.

Na akaacha kuniita jina. Kwetu mke humwita mumewe baba wa fulani, na fulani ni mtoto wa kwanza. Sasa fulani hayuko. Akawa ananiita 'wewe'. 'Wewe, chakula.' 'Wewe, mvua inakunyeshea.' Sikuuliza. Lakini mvua ilikuwa inaninyeshea kweli, hilo nakumbuka.

Sasa naingia mahali ambapo nilitaka kuruka. Nilipokuwa naandika nilimwonyesha mke wangu nikamuuliza kama nipite. Akasema, 'Hapo usiruke.' Kwa hivyo siruki.

Banda letu la mbuzi limeinuliwa juu ya nguzo kama yenu, na lina ngazi ya mbao ya vidato vitatu. Kidato cha katikati kilikuwa kimeoza. Aliniambia kimeoza. Kazi ya mbao ilikuwa yangu. Asubuhi moja, wakati wa mvua, alipanda na mzigo wa nepia mgongoni. Mimi niko barazani. Nilisikia kishindo. Nikasikia sauti mara moja, 'Uui!' Halafu mbuzi wakaanza kulia wote.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa. Sikuwa mgonjwa wa miguu. Sikuwa nimesinzia. Nilifikiria, kuna kitu kimeanguka. Nikafikiria, labda ni mama. Hilo wazo lilikuja likakaa nami pale benchi, tukawa wawili. Sijui ni muda gani. Jirani yetu, mama mjane ambaye shamba lake linapakana na letu, ndiye aliyesikia mbuzi akaruka ua. Mimi niliinuka nilipomwona anakimbia.

Alivunjika mkono wa kulia, hapa kwenye kifundo cha mkono, mifupa miwili. Hospitalini wakamtia plasta. Binti yetu, ambaye anafanya kazi ya ofisi Meru mjini na amepanga nyumba Kinoru, akamchukua moja kwa moja kutoka wodini. Mimi nikarudi na kiondo chake na kiatu kimoja.

Kesho yake binti akapiga simu. 'Baba, mama atakaa kwangu. Hao mbuzi nitatafuta mtu wa kuwanunua.'

Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa kitu chochote.

Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma, akachukua simu. Akasema, 'Mbuzi wakiuzwa sirudi hapo. Nirudi kwa nani?'

Nikahamishia simu sikio la pili.

'Na wakikamuliwa na mtu wa kuajiriwa, pia sirudi. Wakamue wewe.'

'Mimi sijui kukamua.'

'Najua hujui,' akasema, na simu ikakatika.

Sasa mtadhani hapo moyo wangu uliamka. Haukuamka. Nilikaa nikajaribu kufikiria nyumba ile bila yeye, jiko limepoa, benchi, mimi. Na sikusikia uchungu. Hapo ndipo nikaogopa kidogo. Niliogopa kwa sababu sikuogopa. Nikasema, mzee, ukiwa umefika mahali mke anaondoka na wewe unaona ni kama ng'ombe wa mwingine anapita barabarani, umefika mbali sana na huenda hakuna njia ya kurudi.

Yule mama jirani alikuwa amewakamua siku mbili. Siku ya tatu alikuja na sufuria akaniwekea miguuni.

'Mzee, mimi nina viwele vyangu. Chuchumaa.'

'Mimi?'

'Kuna mzee mwingine hapa? Osha mikono. Na hayo magoti yakilia, wacha yalie.'

Tulikuwa na majike watatu wa kukamuliwa. Mkubwa wao, nyinyi mnamjua, ni yule mwenye sikio lililochanika. Nilimshika chuchu. Akageuka akanitazama kama mwalimu anayetazama mtoto aliyeingia darasa lisilo lake. Halafu akapiga sufuria teke.

'Unavuta!' akasema mama jirani. 'Unang'oa kitunguu? Funga juu kwa vidole viwili, halafu vingine vifuate kimoja kimoja. Hivyo. Hapana. Hivyo. Mungu wangu, na huyu ndiye amekuwa akituambia habari ya mbuzi miaka yote.'

Maziwa hayakutoka. Mbuzi alikuwa nayo, kiwele kilikuwa kimejaa kama mpira, lakini alikuwa ameyafunga. Siku ya pili vile vile. Mama jirani akapapasa kiwele akasema kinaanza kuwa na moto, na mimi hata kwa ujinga wangu najua kiwele kikiingia ugonjwa, mbuzi huyo umempoteza. Akafikiria, akasema, 'Huyu anamtafuta mama. Vaa nguo zake.'

Nikavaa. Leso yake ya kazini nikafunga kiunoni. Kitambaa chake nikafunga kichwani. Gambuti zake za mpira hazikuniingia, kwa hivyo nikabaki na zangu. Mbuzi akanusa leso, akanusa tena, akasimama. Maziwa yakashuka.

Nikiwa hapo nimechuchumaa, nimewapa watu mgongo, nikasikia mtu anaita kutoka langoni. Alikuwa mwenzangu wa rika, tulitahiriwa siku moja, amekuja na jike lake.

'Mama, habari ya asubuhi! Mzee yuko wapi?'

'Ni mimi,' nikasema.

'Wewe nani?'

Nikageuka. Akanitazama toka kitambaa mpaka gambuti. Kwanza alitafuta mahali pa kuketi. Halafu akacheka mpaka mbuzi wake akakata kamba.

'Rika langu! Umeolewa lini na hukutuita? Nani alitoa mahari? Hii nikiifikisha kwa kiama cha wazee utatoa kondoo dume, mnono!'

Ndugu zangu, zamani maneno hayo yangenifanya nihame Githongo. Lakini siku hiyo kule kufa ganzi kulinisaidia mara ya kwanza. Aibu ilikuja ikagonga, haikupata mtu wa kufungua. Nikamwambia, 'Shika huyu mbuzi mguu wa nyuma, ama uende nyumbani.' Akaacha kucheka. Akashika. Alikuja kesho yake tena bila jike, akashika.

Basi nikajua kukamua. Polepole, lakini sufuria ilikuwa inajaa. Nikatengeneza pia kidato cha ngazi, maana sasa mimi ndiye nilikuwa napanda. Nikafikiria, hapo nimemaliza, mama atarudi. Sikujua kwamba kila siku nilikuwa nakosea, tena kwa jambo la kwanza la asubuhi.

Mjukuu wa yule mama jirani hunywa maziwa ya mbuzi tu, ya ng'ombe hutapika. Tangu azaliwe anakunywa ya kwetu. Siku ya nne ya mimi kukamua, bibi yake akaleta chupa imejaa vile nilivyompa.

'Mtoto ametema. Maziwa yananuka beberu.'

Nikanusa. Sikusikia harufu yoyote. Nikamwambia mtoto ana mafua.

'Mimi sina mafua, mzee. Yananuka ndevu za beberu.'

Mnajua beberu wakati wake ukifika. Anajikojolea ndevu, anajikojolea miguu, na kwake hayo ndiyo marashi. Lakini mimi nilikuwa nimeishi na harufu hiyo miaka mingi, pua yangu haikuwa na habari nayo. Nikaosha sufuria kwa majivu. Nikaosha chupa. Kesho yake, chupa ikarudi. Kesho kutwa, ikarudi. Mama jirani akasema, 'Sina ubaya na wewe, lakini sitachukua tena.' Nikamwaga maziwa kwa migomba.

Habari ilifika Kinoru kabla sijafikiria la kufanya. Binti akapiga. 'Baba, ikiwa maziwa yenyewe ni ya kumwaga, hao mbuzi ni wa nini? Jumamosi nakuja na mtu wa kuwanunua.'

Ilikuwa Alhamisi. Nikachukua chupa ya asubuhi hiyo, nikaenda Kinoru.

Binti alikuwa bado kazini. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, plasta juu ya mto, televisheni inasema peke yake. Alikuwa amekonda usoni. Hakuniambia karibu. Nikamwekea chupa. Akaishika katikati ya magoti, akaifungua kwa mkono wa kushoto, akaleta pua. Hakunusa mara mbili.

'Unaanza kwa nani asubuhi?'

'Kwa beberu.'

'Unafanya nini kwake?'

'Namkuna kichwa. Nampa majani. Kama kawaida.'

'Halafu unakamua.'

'Halafu nakamua. Mikono naosha.'

'Na shati? Na hizo suruali anazojisugulia?' Akafunga chupa. 'Beberu ni wa mwisho. Ukishakamua, ukishachuja, ukishafunika, ndipo uende kwa beberu. Ukimgusa kwanza, umeyaharibu hata kabla hujachuchumaa.'

Nikamwambia, 'Lakini mimi nimeanza kwa beberu miaka yote, na maziwa yalikuwa mazuri.'

Akaitoa chupa magotini. 'Hujawahi kuanza kwa beberu hata siku moja,' akasema. 'Ulikuwa unangoja chai.'

Niwasomee tena hapo, maana mimi mwenyewe sikushika mara ya kwanza. Mwanamke huyu alikuwa anaamka kabla yangu, anakamua mbuzi wote, anachuja, anafunika, anaingiza maziwa ndani, ndipo anaivisha chai yangu. Alijua nikitoka tu nitamkimbilia beberu na nitarudi kumzungukazunguka na harufu hiyo. Kuniambia ningebisha, mwenye beberu, mwenye koti. Kwa hivyo alinifungia nyumbani kwa kikombe. Na mimi nilikuwa nikienda kwa watu nikisema moto wake ni wa polepole.

Nilikaa kwenye kiti cha binti. Kitu kilisogea kidogo humu ndani. Sisemi kililia. Kilisogea, kama mtu anayegeuka usingizini.

Ndipo akaniuliza. Alikuwa hanitazami, alikuwa anatazama televisheni.

'Siku ile. Ulinisikia?'

Ndugu zangu, ningeweza kusema sikusikia. Redio, mvua, uzee. Alikuwa amenifungulia mlango niseme hivyo. Nikasema, 'Nilisikia.'

'Nilijua,' akasema. 'Pale nilipolala chini ya banda nilikuwa naona baraza. Niliona viatu vyako. Nilikuwa nangoja visogee.'

Televisheni ikaendelea. Sijui ilikuwa inasema nini.

'Binti hajui,' akasema. 'Sijamwambia mtu. Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja kama utasema wewe mwenyewe.' Halafu akaniita baba wa kijana wetu. Akalitaja lile jina, lote, kama alivyokuwa analitaja zamani. 'Baba wa fulani,' akasema, 'nenda, usikose gari. Mbuzi wa jioni wanakungoja.'

Nikauliza kama atarudi.

'Plasta ikitolewa nitakuja kuangalia mbuzi. Sijasema nitakuja kukaa.'

Kesho yake asubuhi sikumgusa beberu. Alilia, akapiga mlango kwa pembe, nikampita. Nilikamua, nikachuja, nikafunika, nikapeleka chupa kwa mama jirani nikasimama pale mlangoni kwake mpaka mtoto akanywa. Alikunywa yote. Akaomba tena. Jumamosi binti alikuja bila mnunuzi. Alizunguka banda, akapanda ile ngazi, akashuka, akasema, 'Haya, baba,' akaenda zake. Walizungumza nini na mama yake Alhamisi ile jioni, hiyo sijui, na sikuuliza.

Plasta ikatolewa. Alikuja na begi, lakini hakuingia nalo chumbani. Aliliweka kwenye kiti karibu na mlango. Akaenda bandani moja kwa moja. Akapapasa viwele vyote vitatu kwa mkono wa kushoto, akatazama chini ya kwato, akachukua sufuria akanusa. Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Usiku akalala, asubuhi begi liko pale pale kwenye kiti, limefungwa.

Mimi nilikuwa nimejifunza jambo moja tu Kinoru, kwamba sijui mpangilio wa kazi ya nyumba yangu mwenyewe. Kwa hivyo asubuhi hiyo nilimuuliza, 'Nianzie wapi?' Hakunijibu. Nikaenda kukamua. Asubuhi ya pili nikauliza, 'Nianzie wapi?' Akatazama nje. Ya tatu, vile vile. Nilikuwa naangalia begi kila nikipita. Ndugu zangu, nilikuwa sijaangalia kitu kwa bidii namna hiyo tangu ule msumari.

Asubuhi ya nne nikauliza. Akasema, 'Anza na maji ya moto, viwele vinataka kitambaa cha moto. Halafu ukirudi unifungulie hilo begi. Mkono wangu hauwezi zipu.'

Nilienda kwanza kuweka maji. Nilikuwa naogopa nikifungua haraka atabadilisha nia.

Sasa mambo yako hivi. Ule mkono haukurudi vizuri, haufungi ngumi, na mtu asiyefunga ngumi hakamui. Kwa hivyo kiwele ni changu, asubuhi na jioni. Na kwa kuwa mwenye kukamua hatakiwi kumkaribia beberu, beberu imekuwa kazi yake. Anampa majani, anamfunga kamba, anamtoa kwa mkono wa kushoto na yule mnyama anamfuata kwa adabu ambayo mimi sikuwahi kuipata. Nyinyi wanaume wa kikundi ndio mmepata taabu. Mnafika na majike wenu, mnasimama langoni mnakohoa, mnaona haya kumwambia mama mbuzi wangu anataka dume. Yeye anawauliza bila kupepesa, 'Ameanza kulia lini? Mkia anapeperusha?' Wiki iliyopita mzee mmoja alisema amekuja kunisalimia tu, na mbuzi wake alikuwa nyuma yake.

Nepia tunakata wote wawili, yeye anashikilia, mimi nakata. Chai anapika anayemaliza kwanza. Yangu haina ladha, amesema hivyo mbele ya wageni.

Namshukuru yule mama jirani aliyeruka ua na akanifundisha bila kunionea huruma. Namshukuru mwenzangu wa rika, aliyeshika mguu wa mbuzi na habari ile ya leso akaipeleka kwa watu wote isipokuwa kiama. Nawashukuru nyinyi wa kikundi ambao hamkumhamisha beberu miaka ile niliyokuwa nanyoosha kidole, na mlikuwa na haki ya kumhamisha. Namshukuru binti yetu. Mke wangu nilimshukuru nyumbani, akasema inatosha.

Mtu ataniuliza, mzee, umepona? Sijui. Kaburi la kijana wetu liko karibu na migomba, napita hapo na ndoo, na siku nyingi bado sisikii kitu. Siku zingine nasikia kidogo. Lakini mikono inakwenda. Niliyonayo ya kuwapa ni hayo. Nilikaa miaka miwili nikingoja moyo uniambie inuka, na haukuniambia, na katika kungoja huko nilimwacha mwenzangu chini ya banda. Kama uko hapa leo na uko kwa benchi lako, usingoje kusikia kitu. Inuka hivyo hivyo ulivyo mkavu, nenda kwa yule mnayekaa naye, umuulize, 'Nianzie wapi?' Asipokujibu, fanya unachoona, na kesho uulize tena.

Nimemaliza. Mwenyekiti, tazama saa yako, chai bado.